Habari za Leonhard Euler, Mwana wa Mchungaji na Mtu wa Hesabu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wahubiri, na za mashahidi wa imani, na za watu waliofasiri Maandiko Matakatifu. Mwezi huu tunapenda kusimulia habari za mtu wa namna nyingine. Mtu huyu hakupanda mimbarani, wala hakubatiza mtu, ingawa baba yake alitamani sana aifanye kazi hiyo. Kazi yake ilikuwa hesabu. Lakini twamweka hapa kwa sababu mbili. Kwanza, alidumu katika imani ya baba yake mahali ambapo wakubwa waliicheka imani hiyo. Pili, macho yake yalipofuka, naye hakuiacha kazi, bali kazi yake ilizidi. Na sisi tukaao Mpwapwa na nchi nzima ya Ugogo, ambako ugonjwa wa vikope umewapofusha wazee wetu wengi, habari hii yatuhusu.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Matengenezo la Uswisi, na mama yake, Marguerite Brucker, naye alikuwa binti wa mchungaji. Mtoto alipokuwa bado mdogo, baba akahamia Riehen, kijiji kilicho karibu na Basel, akalichunga kanisa la huko. Mchungaji huyu alikuwa amejifunza hesabu zamani alipokuwa chuoni, kwa mwalimu mashuhuri Jakob Bernoulli. Basi yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwanawe mwanzo wa elimu hiyo, nyumbani, pamoja na katekisimo.

Mwaka 1720, akiwa na umri wa miaka 13 tu, kijana aliingia chuo kikuu cha Basel, na mwaka 1723 akapata cheo cha umaarifa. Ndipo baba akamweka katika masomo ya uchungaji, ajifunze Kiyunani na Kiebrania, ili siku moja asimame mahali pake. Kijana akatii. Lakini katika chuo kile alikuwapo Johann Bernoulli, ndugu yake Jakob aliyekwisha kufa, naye wakati ule alihesabiwa miongoni mwa wajuzi wa kwanza wa hesabu katika Ulaya yote. Euler akamwomba amfundishe. Bernoulli akakataa kumfundisha peke yake, kwa kuwa kazi zake zilikuwa nyingi. Lakini akampa vitabu vigumu avisome, akamruhusu aje kila Jumamosi alasiri kuuliza yale yaliyomshinda. Kijana akajitahidi wiki nzima, ili siku ya Jumamosi awe na maswali machache kadiri iwezekanavyo, asimchoshe mwalimu. Na mwalimu akaona kwamba mtoto huyu si kama wengine.

Hapo palikuwa na shauri zito. Bernoulli akamwendea Mchungaji Paul Euler, ambaye alikuwa rafiki yake tangu ujana wao, akamwambia kwamba mwanawe amepewa kipaji cha hesabu ambacho hakionekani mara nyingi duniani. Baba alikuwa na haki ya kukataa. Alikuwa amemlea mtoto kwa ajili ya kazi ya Kanisa, na tumaini lake lote lilikuwa huko. Lakini akashinda nafsi yake, akakubali. Wazazi wa Kikristo, tuliangalie jambo hili vizuri. Wengine wetu twadhani kwamba mtoto hawezi kumtumikia Mungu ila avae kanzu. Wengine, kinyume chake, huwakataza watoto wenye wito wa Kanisa kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Wote wamekosa. Dk. Martin Luther alitufundisha kwamba kazi ya fundi viatu, na ya mama anayemlea mtoto, na ya hakimu, zote ni wito wa Mungu, zikifanywa kwa imani. Mchungaji wa Riehen alimpa Mungu mwanawe kwa njia ambayo yeye mwenyewe hakuichagua.

Mwaka 1727 Euler aliomba kazi ya kufundisha katika chuo cha Basel, asiipate. Basi akaiacha nchi yake, akasafiri mpaka St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati ule, ambako Kaisari Petro Mkuu alikuwa ameagiza chama cha wataalamu kiundwe. Hakurudi tena kukaa Uswisi maisha yake yote. Mwaka 1733 akawa mkuu wa hesabu katika chama kile, na mwaka 1734 akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji picha aliyetoka Uswisi. Mungu akawapa watoto 13, lakini wanane wakafa wangali wadogo, wakabaki watano tu. Twajua sisi, tulio na makaburi madogo mengi katika viwanja vya makanisa yetu, uzito wa habari hiyo. Tena mwaka 1738 Euler akaugua, na jicho lake la kulia likapoteza nuru.

Sasa yatupasa kueleza kidogo kazi aliyoifanya, maana mtu huyu hawezi kujulikana bila hesabu zake. Msomaji asiogope. Twaa karanga 12 uzipange mezani kwa safu zilizo sawa. Waweza kupanga safu 3 za karanga nne nne, au safu 2 za sita sita. Sasa ongeza moja ziwe 13, ujaribu tena. Hutaweza, zitakaa safu moja ndefu tu, au zitabaki moja moja. Namba kama 12 zagawanyika. Namba kama 13 hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hizi walimu wetu huziita namba tasa. Namba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa, na Euklide, mwalimu wa Kiyunani wa kale, alionyesha kwamba hazina mwisho. Kila namba nyingine hujengwa kwa kuzizidisha namba tasa, kama ukuta ujengwavyo kwa matofali. Lakini mtu akikuonyesha namba kubwa sana na kukuuliza kama ni tasa au sivyo, utajibu nini? Hapo ndipo penye kazi.

Alikuwako Mfaransa mmoja, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliyefariki mwaka 1665, mjuzi mkubwa wa mambo haya. Fermat alitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja hupatikana kwa njia moja: twaa 2, uizidishe kwa yenyewe, na jibu ulizidishe tena kwa lenyewe, na kuendelea hivyo, na kila mara ongeza 1. Namba hizo tano zote ni tasa. Fermat akaamini kwamba kila namba ipatikanayo kwa njia hiyo itakuwa tasa daima, ingawa hakuweza kuonyesha sababu. Watu wakaamini, kwa kuwa Fermat alikuwa mtu mkubwa, tena mifano mitano ilikuwa wazi mbele yao. Mwaka 1729 Christian Goldbach, rafiki wa Euler, alimwandikia barua kumwuliza habari ya neno hilo.

Euler akaipima namba ya sita, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 akaonyesha kwamba si tasa, kwa maana yagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417 bila kubaki kitu. Hata leo mwanafunzi yeyote mwenye karatasi na kalamu aweza kuzidisha namba hizo mbili na kuona kwamba ni kweli. Wala hakubahatisha. Baadaye alithibitisha kwamba kila namba tasa iwezayo kuigawanya ile namba ya sita lazima ibakize 1 ikigawanywa kwa 64. Basi hakuna haja ya kujaribu namba zote. Jaribu 193, kisha 257, kisha 449, kisha 577, kisha 641, nayo ndiyo yenyewe. Mara ya tano tu mlango unafunguka.

Katika jambo hili dogo mna fundisho. Mashahidi watano wa kweli hawamfanyi wa sita kuwa wa kweli. Hapa Ugogo mtu akitabiri mvua mara tano ikanyesha, watu humfuata mara ya sita wakiwa na mbuzi na kuku mikononi mwao, wala hawaulizi tena. Euler hakumdharau Fermat. Alimheshimu maisha yake yote, na mengi aliyoyasema Fermat bila kuyathibitisha, Euler aliyathibitisha kuwa ni kweli. Lakini heshima kwa mkubwa haikumzuia kuyapima maneno yake.

Mwaka 1741 Euler aliitwa Berlin na Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, akakaa huko miaka 25. Mfalme huyo alipenda mashairi, na muziki, na maneno ya ubishi yenye madaha ya Kifaransa. Katika baraza lake imani ya Kikristo ilikuwa kitu cha kuchekesha watu mezani. Euler hakuwa mtu wa maneno ya madaha. Alikuwa mpole, mwenye mavazi ya kawaida, mwenye jicho moja, na mfalme alimfanyia mzaha hata kwa ajili ya jicho hilo, akimlinganisha na jitu la hadithi za Kiyunani lenye jicho moja katika paji la uso. Lakini mtu huyu mpole hakuificha imani yake. Mwaka 1747 alitoa kitabu cha kuutetea ufunuo wa Mungu mbele ya wale waliojiita watu wa fikra huru. Akawa mzee katika Kanisa la Matengenezo la Wafaransa mjini. Na kila jioni aliwakusanya watu wa nyumbani mwake, watoto na watumishi, wakasali pamoja, naye akawasomea sura ya Biblia.

Twataka wasomaji wetu vijana waliangalie hilo. Wako wadhanio kwamba elimu ikizidi, sala hupungua, na kwamba mtu mwenye akili nyingi hawezi kupiga magoti. Euler alikuwa na akili kuliko karibu wote waliokaa katika meza ya mfalme yule, naye alipiga magoti. Si kwamba hesabu zilimthibitishia Mungu. Imani haikujengwa juu ya hesabu, wala hesabu hazikujengwa juu ya imani. Lakini mtu mmoja alizibeba zote mbili, wala hakuona haya kwa moja mbele ya nyingine.

Mwaka 1766 akaondoka Berlin, akarudi St Petersburg, ambako Malkia Katerina wa Pili alimpokea kwa heshima. Lakini jicho lake la kushoto nalo likaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 mambo mengi yakampata. Moto mkubwa ukashika mjini, na nyumba yake ikateketea. Yeye, kipofu, alikuwa ndani. Fundi mmoja wa kwao Basel, jina lake Peter Grimm, akaingia katika moshi, akamchukua mabegani, akamtoa. Maandiko yake mengi yakaokolewa pia. Mwaka huo huo daktari akamfanyia operesheni ya jicho, na kwa siku chache akaona tena; lakini jicho likaharibika kwa ugonjwa, na giza likarudi, wala halikuondoka tena. Mwaka 1773 mkewe Katharina akafariki, baada ya kukaa naye karibu miaka 40.

Basi mtu atafanya nini? Ana umri wa zaidi ya miaka 60, ni kipofu, nyumba imeungua, mke amekufa. Watu wengi wangesema, kazi yangu imekwisha, niketi nje juani nikingoje kifo. Euler akaendelea kufanya kazi. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Shairi refu la Kilatini liitwalo Aeneis alilijua lote kwa moyo tangu ujana. Aliziweka hesabu zake kichwani kama mtu awekavyo nafaka ghalani, akijua kila kilindo kilipo. Macho yalipokuwa yakififia alitunga kitabu cha kufundisha aljebra, akakisema kwa kinywa, na aliyekiandika alikuwa kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wa fundi cherehani, asiyejua hesabu zaidi ya zile za kawaida. Na mpaka kitabu kilipokwisha, kijana yule alikuwa amekwisha kuifahamu aljebra. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1770, na watu wamekisoma kwa vizazi vingi. Wanawe na wanafunzi wake nao wakaandika kwa ajili yake. Kazi za Euler zimehesabiwa kupita 800, na karibu nusu yake alizitoa katika miaka hii ya mwisho.

Mojawapo ya kazi hizo za giza twataka kuieleza, kwa sababu yaonyesha jinsi alivyofikiri. Tuseme mtu ana ghala tupu. Tarehe 1 ya Desemba atia punje moja ya mtama. Tarehe 2 atia punje mbili, tarehe 3 punje nne, tarehe 4 punje nane, na kila siku mara mbili ya siku iliyotangulia. Siku za kwanza kuku mmoja angezimaliza. Lakini mwezi ukiisha, baada ya siku 31, ghala litakuwa na punje 2,147,483,647. Kwa mtama wa kawaida hayo ni magunia ya kilo 100 yapatayo mia tano au zaidi. Na sasa swali: je, punje hizo zaweza kugawiwa sawasawa kwa watu wowote, wawe wawili, au saba, au elfu, pasipo kubaki hata punje moja, na pasipo kila mtu kupata punje moja tu?

Mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika mwaka 1644 orodha ya namba za namna hii alizozidhani kuwa tasa, na hii ilikuwamo. Lakini hakutoa uthibitisho, na baadhi ya namba katika orodha yake zilionekana baadaye kuwa si kweli. Kwa hiyo neno lake halikutosha.

Mtu asiye na maarifa angejaribu kugawanya kwa kila namba. Mwenye maarifa kidogo angejua mambo mawili. Kwanza, yatosha kujaribu namba tasa tu. Pili, yatosha kufika 46,340, kwa sababu namba ikigawanyika katika mafungu mawili, moja la mafungu hayo haliwezi kupita hapo. Maana 46,341 mara 46,341 yaipita namba yenyewe. Lakini hata hivyo zimebaki namba tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu, na kila moja ni hesabu ndefu. Euler alifanya zaidi. Alionyesha kwa sababu zisizopingika kwamba namba tasa iwezayo kuigawanya ile namba kubwa, ikiwa ipo, lazima ikigawanywa kwa 248 ibakize ama 1 ama 63. Nyingine zote zimefungiwa mlango, hakuna haja ya kuzigusa. Basi hesabu zilizobaki hazifiki 400, na ukiziondoa zile zisizo tasa, ni chache zaidi tena. Ya kwanza ni 311. Gawa punje zile kwa watu 311, na kila mmoja atapata 6,905,092, lakini punje 35 zitabaki. Vivyo hivyo kwa zote zilizofuata. Kila mara palibaki kitu. Mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 65, kipofu, Euler alitangaza kwamba namba 2,147,483,647 ni tasa. Na kwa zaidi ya miaka 75 baada ya hapo hakuna mtu aliyepata kuthibitisha namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Namba hiyo ina ndugu. Watu wa kale waliita timilifu namba iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mfano ni 6, kwa kuwa 1 na 2 na 3 ni 6. Tena 28, kwa kuwa 1 na 2 na 4 na 7 na 14 ni 28. Mtakatifu Augustino alitafakari jambo hili alipofikiri habari ya siku sita za uumbaji. Euklide alionyesha namna ya kupata namba timilifu kutoka katika namba tasa za namna ya ghala letu, na Euler alithibitisha kwamba namba timilifu zote zilizo shufwa hupatikana kwa njia hiyo, wala hakuna njia nyingine. Kwa hiyo alipoithibitisha ile namba tasa, alipata pia namba timilifu yenye tarakimu 19, nayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna mtu atakayepata tena namba timilifu kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Lakini mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha namba tasa ya namna ile ile yenye tarakimu 39. Na mwaka 1883 padre wa Kiorthodoksi wa shamba huko Urusi, Ivan Pervushin, aliyehudumu katika nchi ya milima ya Ural, alithibitisha nyingine, 2,305,843,009,213,693,951, kwa mkono wake mwenyewe. Hata mwaka 2024, kwa msaada wa kompyuta, ilipatikana moja yenye tarakimu 41,024,320. Si vema mwanadamu kusema kwamba hapa ndipo mwisho.

Wala si kweli kwamba mambo haya hayana faida. Katika kompyuta nyingi nafasi ya kuwekea namba ilipimwa hivi kwamba namba kubwa kuliko zote iwezayo kukaa humo ni ile ile 2,147,483,647 ya Euler. Kompyuta za namna ya kale zilizohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 zitafika namba hiyo tarehe 19 Januari 2038, na mafundi wamekuwa wakizitengeneza upya ili zisipotee katika hesabu. Tena mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani walitumia kanuni moja ya Euler kutengeneza kufuli ya siri za maandishi. Kufuli hiyo yategemea hivi: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini kumpa mtu jibu na kumwambia atafute namba mbili zile ni kazi inayomshinda. Kwa njia hiyo barua na fedha zimelindwa katika mtandao wa dunia nzima. Mzee kipofu wa St Petersburg hakuyaona hayo. Alipanda mbegu, na watu walikuja kuvuna baada ya miaka mia mbili.

Mwaka 1776 Euler alimwoa Salome Abigail Gsell, dada wa marehemu mkewe kwa upande wa baba, apate mtu wa kuitunza nyumba. Akaishi kwa amani, akizungukwa na wajukuu. Tarehe 18 Septemba 1783 alifanya kazi yake kama kawaida. Alimfundisha mjukuu mmoja hesabu. Alipiga hesabu za vyombo vinavyopanda hewani, ambavyo Wafaransa walikuwa wamevianza mwaka ule ule, na wakati wa chakula akazungumza juu ya njia ya sayari Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781. Alasiri alikuwa akicheza na mjukuu, na ghafula akapatwa na ugonjwa wa kichwa, akaanguka. Jioni akafariki, mwenye umri wa miaka 76. Akazikwa katika makaburi ya Walutheri ya Smolensk mjini St Petersburg. Basi mtu wa Kanisa la Matengenezo alipumzika katika udongo wa ndugu zake Walutheri, kaburini kwao zaidi ya miaka 170, mpaka mwaka 1956 mabaki yake yalipohamishiwa katika makaburi ya nyumba ya watawa ya Alexander Nevsky katika mji ule ule.

Wapenzi, tukiisha kusoma habari hizi tuulizane, sisi watu wa nchi hii kavu, katika makanisa yetu wako vipofu wangapi? Na wanafanya nini? Mara nyingi twawaona wameketi mlangoni, au wameshika ncha ya fimbo na mtoto mdogo akiwavuta, mtoto ambaye angepaswa kuwa shuleni. Wako wazazi wamfichao mtoto asiyeona, kama kwamba ni aibu ya nyumba. Lakini hapa katika Ugogo, Buigiri, ndugu zetu Waanglikana walianzisha shule ya wasioona, nayo imeonyesha kwa miaka mingi kwamba mtoto asiyeona hujifunza. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asiseme kwamba Mungu amemfungia njia. Amfikishe shuleni. Na mzee aliyepofuka asijione mzigo. Kichwani mwake mna ghala, na watoto wa nyumba wahitaji kilichomo. Tena asiyeona anahitaji mwandishi wake, kama Euler alivyomhitaji yule kijana wa cherehani. Kijana wa Kanisa mwenye macho mazuri na saa moja ya nafasi kila wiki aweza kuwa macho ya mtu. Na tusisahau kuosha nyuso za watoto wetu na kuwapeleka hospitali mapema, maana upofu wa vikope waweza kuzuiwa, na si uchaji wa Mungu kuuacha uje.

Nanyi walimu, pamoja na ninyi mnaojifunza ualimu katika chuo chetu hapa Mpwapwa, msimwambie mtoto kwamba hesabu ni adui. Mpeni karanga azipange. Ulizeni kwa nini 13 zinakataa. Labda katika darasa lenye watoto wengi na madawati machache ameketi mmoja ambaye Bwana amempa kipaji kile, naye hajui, kwa kuwa hakuna aliyempa vitabu vigumu na Jumamosi moja alasiri ya kuuliza maswali.

Mungu, aliyeiumba nuru na kuzijua nyota kwa idadi yake, atupe kuifanya kazi yetu mpaka jioni, tukiona au tusipoona. Amina.